Pombe Angavu, Nyanya Kavu

Pale Mbuba, mtu akitaka kukuelekeza nyumbani kwa Pancras Ndizeye hakuambii uhesabu nyumba. Anakuambia ufuate njia ya migombani mpaka utakapokutana na mtu anayetema makapi. Hapo umefika.

Pombe ya ndizi ya Pancras ilikuwa tamu, hilo hata wasiompenda walikubali. Tatizo lake lilikuwa makapi. Havyarimana, jirani waliyepakana naye migomba na ambaye hakuwahi kukosa siku ya kuonja, alizoea kusema kwamba pombe ya watu wengine hunywewa lakini ya Pancras huliwa, na kwamba iko siku ataomba kijiko. Kwa miaka thelathini Pancras alicheka pamoja na wageni wake, maana mwenye pombe hana budi kucheka. Lakini walipoondoka alibaki ameketi, akilitazama lile buyu refu la kuchujia alilolijaza majani makavu shingoni, akijiuliza kosa liko wapi. Alibadilisha majani. Alijaribu kipande cha shuka. Alijaribu hata soksi ya shule ya binti yake Ishimwe, mpya, haijavaliwa, na Ishimwe, ambaye sasa ameolewa kule Nyabusozi na ana watoto watatu, akija kusalimia bado humkumbusha ile soksi.

Kwa mengine yote Pancras hakuwa na neno. Alikuwa mtu wa wageni. Kwake hakuna aliyewahi kupewa kikombe kisichofurika kidogo, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba mkono unaopima ni mkono usiopenda.

Kiangazi cha mwaka juzi mkewe, Tecla, aliteleza kwenye mteremko wa mtoni akiwa na ndoo ya maji kichwani. Ndoo ilipona, nyonga haikupona. Daktari alimwambia asibebe tena maji. Tecla akamuuliza, kwa adabu, kama basi kabichi zake atakuwa anazimwagilia yeye.

Aliyeanza kuzimwagilia ni Pancras, kwa madumu mawili juu ya baiskeli. Alikuwa akimwagilia siku aliyokumbuka, na siku hiyo alimwagilia kama anayezima moto. Kabichi ishirini na tatu zilikufa mikononi mwake, na Tecla alizizika moja moja kwa maneno.

Ndiyo maana kikundi cha wakulima wa mboga kilipopata seti moja ya umwagiliaji wa matone kutoka kwenye mradi fulani, na kura ya kuamua nani aanze nayo ikamwangukia Pancras, alirudi nyumbani akitembea kama aliyepewa daraja takatifu la upadri. Seti yenyewe ilikuwa na tanki la lita mia tano la kuwekwa juu ya jukwaa la miti, mipira myeusi yenye vitundu vya kudondoshea maji, na pampu ya kukanyaga kwa miguu ya kupandisha maji kutoka mtoni. Hakuna tena ndoo. Hakuna tena mteremko.

Lakini kura ilikuja na sharti. Atapanda nyanya, na baada ya siku sitini kikundi kizima kitakuja kukagua. Nyanya za mwisho wa mistari zikikutwa na afya sawa na zile za karibu na tanki, seti inabaki. La sivyo inahamia kwa wa pili kwenye orodha, na wa pili alikuwa Petronila, mjane wa kaka yake Pancras, mwanamke mwenye bustani ng'ambo ya mto na macho yasiyopitwa na kitu.

Tecla alilisikiliza hilo sharti huku akichambua maharage.

"Tanki likiondoka," alisema, "nitashuka mtoni mwenyewe na ndoo yangu."

"Mama Ishimwe, daktari alikataza."

"Daktari hakuziona zile kabichi."

Pancras alimjua mkewe kwa miaka thelathini na minne. Alijua kwamba atashuka kweli, na alijua kwamba safari hii huenda asipande tena.

*

Afisa ugani, Iteka, binti mwembamba aliyezungumza taratibu kana kwamba nyanya zimelala, alikuja kufunga seti na kufundisha. Alimwamkia Pancras, akaitikiwa marahaba, akakabidhiwa kikombe cha pombe akakirudisha kwa shukrani, kisha akaeleza. Maji yanapita hapa, yanaingia kwenye kichujio, yanakwenda kwenye mipira, na kila mche unapata tone lake.

"Tone," alisema Pancras.

"Tone baada ya tone, baba. Saa nzima asubuhi."

Pancras aliinama akalitazama tone la kwanza likitoka, likining'inia, likifikiri, halafu likaanguka. Akasubiri la pili. Alihisi aibu, kana kwamba amekaribisha miche mia mbili na arobaini nyumbani kwake halafu akaipakulia kwa ncha ya sindano.

Mbolea nayo ilikuwa hivyo hivyo. Iteka alimwandikia kwenye daftari: kikombe kimoja cha chai cha urea, mara moja kwa wiki, ikorogwe kwenye ndoo mpaka iyeyuke yote, ichujwe, ndipo imiminwe kwenye tanki. Samadi iwekwe kwenye udongo kabla ya kupanda. Chini ya hayo aliandika: *Samadi isiingie kwenye tanki*, akapiga mstari, akafikiri kidogo, akapiga na wa pili.

Mwishoni alifungua kile kichujio ili Pancras aone namna ya kukisafisha. Ndani ya ganda la plastiki mlikuwa na kitu chenye umbo la gunzi la hindi, kimezungushiwa wavu mwembamba ajabu, mwembamba kuliko chandarua, mwembamba kuliko pazia la kanisani. Iteka alichota maji ya mto yenye tope, akayapitisha. Yakatoka meupe.

Pancras hakusikia tena maneno yaliyofuata. Alikuwa anakiangalia kile kigunzi kama kijana anavyomwangalia msichana wa kijiji kingine siku ya soko.

"Umenielewa, baba?"

"Nimeelewa kabisa, binti yangu," alisema. "Kinachuja kila kitu?"

"Kila kitu."

*

Alikiazima. Hilo ndilo neno alilolitumia moyoni, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, lilitosha. Wiki ya tatu alikuwa na ndizi zilizoiva shimoni, na ubatizo wa mjukuu wa Havyarimana ulikuwa Jumapili. Alilifungua ganda la kichujio, akatoa kigunzi, akalifunga ganda vizuri kama lilivyokuwa, akakibana kigunzi kwenye shingo ya buyu lake badala ya majani. Atakitumia mara hii moja, Jumatatu atakirudisha.

Jumapili Havyarimana alipokea kikombe, akakunja mdomo tayari kwa kutafuna, akanywa. Akabaki na shavu limevimba. Akameza. Akakiinua kikombe cha plastiki inayopitisha mwanga usawa wa jua.

"Pancras," alisema polepole, "naona kidole changu upande wa pili."

Watu walikusanyika kukiona kidole cha Havyarimana. Mzee mmoja alisema pombe ya namna hiyo aliionja mara ya mwisho kabla kambi ya wakimbizi ya Lukole haijafunguliwa, na aliyekuwa akiipika alikwishafariki. Pancras alisimama katikati yao akitazama chini kwa unyenyekevu wa uongo. Miaka thelathini ya kuchekwa kwa sababu ya makapi ilimtoka mwilini mchana ule mmoja.

Ni nani angekirudisha Jumatatu? Jumatano palikuwa na matanga. Jumamosi palikuwa na watu wa kutoka Biharamulo waliosikia habari. Kigunzi kikawa mtu wa buyu, na ganda lake kule bustanini likabaki limefungwa vizuri, tupu kama kanisa siku ya soko.

Nyanya hazikulalamika mara moja. Maji ya mto yaliingia na tope lake na vipande vya majani, yakapita bila kuzuiwa na kitu, yakaenda kutulia mwisho wa mipira ambako mwendo wake ni mdogo. Vitundu vya mwisho vikaanza kuziba kimoja kimoja. Maji yote, na urea yote, yakabaki kwa miche ya karibu na tanki. Kufikia wiki ya sita miche hiyo ilikuwa imenenepa, mirefu, ya kijani cha kutisha, yenye majani ambayo mbuzi angeweza kupotea humo, na bila ua hata moja. Ile ya mwisho ilikuwa ya njano, imejikunja, inaangalia chini.

Pancras aliitazama akatoa hukumu ya mtu wa wageni: hawa hawajashiba. Akaloweka debe la samadi ya mbuzi kwa siku tatu, akakoroga mpaka ikawa uji, akaimimina kwenye tanki. Daftari lilikuwa ndani ya nyumba, juu ya kabati, na ile mistari miwili chini ya maneno yake.

Siku mbili baadaye hapakuwa na tone hata moja lililotoka popote.

Sasa ndipo alipoogopa. Zilibaki siku tisa. Alichukua mrija wake wa kunywea, ule wa mwanzi aliourithi kwa baba yake, akapiga magoti kwenye mche wa kwanza, akauweka mrija kwenye kitundu na kupuliza. Kitundu kikapiga chafya ya samadi. Akahamia cha pili. Kingine kilipokataa kupulizwa alikifyonza, na hapo alijifunza kwamba mbuzi na urea havipatani mdomoni.

Alikuwa kwenye kitundu cha thelathini na moja aliposikia sauti kutoka ng'ambo ya mto.

"Shemeji," aliita Petronila, amejishika kiuno. "Hizo nyanya unazibusu zote, au zilizo ndugu zako tu?"

"Nazikagua, shemeji."

"Endelea kuzikagua. Na tanki langu usilichubue."

*

Iteka alipita siku iliyofuata. Alitazama miche minene, akatazama miche ya njano, akapapasa mpira ulio mkavu.

"Kichujio unakisafisha, baba?"

"Ni kisafi sana," alisema Pancras, na hakuwa amesema uongo. Kilisafishwa kila baada ya mapishi.

Iteka alinyoosha mkono kuelekea kwenye ganda. Pancras akasogea kati yake na ganda, akamuuliza habari za mama yake, za baba yake, za masomo yake, na kama kweli chuoni wanakula wali kila siku. Iteka, ambaye hakuwa mtu wa kusukumana na wazee, aliurudisha mkono. Kabla ya kuondoka aliomba daftari, akaandika ukurasa mzima, akamkabidhi Tecla badala ya Pancras.

Tecla aliusoma jioni, polepole, kwa kidole. *Fungua ncha za mipira yote. Pitisha maji safi kwa nguvu mpaka tope litoke. Osha tanki. Rudisha kichujio.* Alirudia mstari wa mwisho mara mbili. Akamtazama mumewe aliyekuwa akila ugali bila kuinua uso.

"Baba Ishimwe, mtu huandika rudisha kwa kitu kilichopo?"

"Ni Kiswahili cha chuoni," alisema Pancras.

Kesho yake asubuhi Pancras alimkuta ameitoa darini ile ngata ya majani ya migomba ya kuwekea ndoo kichwani, ambayo haikuguswa tangu alipoanguka. Alikuwa ameketi juani akiisuka upya.

Pancras alikwenda kibandani, akashika shingo ya buyu. Akasikia sauti ya Havyarimana barabarani akimwambia mtu kwamba wiki hii wakaguzi watakunywa pombe ya kuonea kidole. Akaliachia buyu. Alijiambia kwamba wageni wa ukaguzi wakipewa makapi wataingia bustanini na hasira. Kwanza wanywe. Kigunzi kitarudi baada ya wageni. Akaenda akafungua ncha za mipira, akakanyaga pampu mpaka tope lililokuwa likitoka likaanza kuwa jepesi, na vitundu vingi vikafunguka. Lakini bila kichujio, tope jipya liliingia nyuma ya lile lililotoka, na kila kitundu alichokifungua asubuhi kilikuwa kimeziba kufikia alasiri.

*

Siku ya sitini walikuja watu kumi na wawili wa kikundi, na Iteka, na Havyarimana, ambaye hakuwa mwanakikundi lakini hakuna aliyelitaja hilo. "Tumsifu Yesu Kristo," walisema mlangoni, wakaitikiwa milele na milele. Huko hakuna mgeni anayeonyeshwa shamba akiwa na koo kavu, kwa hiyo waliketi, vikombe vikaletwa, vikafurika kidogo kama ilivyo desturi ya nyumba ile.

Sifa zikaanza. Petronila hakusifu. Aliinua kikombe chake usawa wa jua, akakizungusha.

"Shemeji," alisema, "mimi nimeolewa kwenye ukoo huu miaka ishirini na sita. Pombe yako nimeitafuna miaka yote hiyo. Umeipata wapi dawa?"

"Ni mkono tu, shemeji. Mkono umezoea."

"Umezoea lini?"

"Kama wiki tano hivi," alijibu Havyarimana, akiwa na nia njema kabisa. "Tangu ubatizo wa mjukuu wangu."

Iteka, ambaye siku hiyo alikuwa amekubali kikombe ili asiwaudhi wazee, alikiinua naye. Alikiona kidole chake upande wa pili. Akageuka akalitazama lile ganda la kichujio kule chini kwenye bomba la tanki. Akakitazama tena kikombe. Aliona aibu, kana kwamba aliyeiba ni yeye.

Pancras aliuona ule mzunguko wa macho. Alijua binti hatamtaja. Adabu yake haikuruhusu. Angeweza kunyamaza. Kikundi kingeona miche ya njano, kingesema bahati mbaya, tanki lingevuka mto, na yeye angebaki na jina lake na buyu lake. Pombe ingebaki angavu mpaka afe.

Ndipo akamwona Tecla. Alikuwa amesimama mlangoni, amebeba vikombe zaidi, na juu ya kichwa chake, ameisahau au hakuisahau, ilikuwa ile ngata mpya ya ndoo.

Pancras aliinuka, akaenda kibandani, akarudi na buyu. Mbele ya watu kumi na wanne alichomoa kigunzi kutoka shingoni. Kilitoka na mlio wa kizibo, kimejaa makapi, kinanuka ndizi.

"Mkono wenyewe ni huu," alisema. "Nilikiazima. Na samadi niliimimina mimi, na ilikuwa imeandikwa nisiimimine. Nyanya hazina kosa."

Havyarimana alikitazama kile kigunzi kwa huzuni ya mtu aliyeonyeshwa sura ya ndugu yake na papo hapo akaambiwa huyo ndugu anaondoka.

"Mimi nashauri," alisema hatimaye, "tanki lihame, na hicho kibaki."

"Wewe si mwanakikundi," walimwambia kwa pamoja, kwa mara ya kwanza.

Walishuka bustanini. Waliona yote, hayakuhitaji maelezo. Petronila alipita mistari yote kumi, akafika kwenye mche wa mwisho, akaufunua majani. Halafu akapanda tena, hakwenda kwa Pancras, akaenda kwa Tecla, akaitoa ile ngata kichwani mwake.

"Tanki nilikuwa nalitaka," alisema, akiwageukia wenzake. "Bado nalitaka. Lakini ili nilipate, huyu ashuke mto na nyonga mbovu mbele ya macho yangu kila asubuhi? Nitakuwa namwagilia au natazama msiba?"

"Sharti ni sharti," alisema mwenyekiti.

"Sharti lilikuwa la Pancras, na Pancras ameshindwa. Mfute. Andikeni Tecla, siku sitini mpya. Na huyu shemeji yangu, kwa kuwa miguu yake haina kosa, Jumatano na Jumamosi atavuka aje kunijazia mapipa yangu kwa pampu hiyo hiyo."

Pancras alikubali kabla hajamaliza kusema.

"Na tutajuaje kichujio kimebaki kwenye bomba?" aliuliza mwenyekiti. "Ganda ni lile lile. Tutakuwa tunalifungua kila wiki?"

Petronila alimimina pombe iliyobaki kikombeni mwake chini, taratibu, angavu mpaka tone la mwisho.

"Tutakuwa tunaonja," alisema.

*

Sasa nyanya zimeiva mpaka mwisho wa mistari. Zile za mwisho zilichelewa wiki mbili, lakini zimeiva. Tecla huketi kwenye kigoda kando ya tanki, daftari mapajani, akimpimia mumewe kikombe kimoja cha urea na kukisawazisha juu kwa kidole ili kisifurike. Siku za mwanzo mipira ilidondosha maji yenye harufu ya ndizi na nyuki wa tarafa nzima wakaja kuchungulia, lakini hilo lilipita. Kila Jumamosi Tecla hufungua ganda, huosha kigunzi, hukirudisha mwenyewe. Ile ngata ya ndoo kuku ameitagia.

Pancras hukanyaga pampu pande zote mbili za mto, na amekonda kidogo. Buyu lake limerudi kwenye majani. Watu bado huja kunywa. Havyarimana, ambaye kikundi kimempa cheo cha mkaguzi kwa sababu hakuna namna nyingine ya kumzuia, hupokea kikombe cha kwanza, hunywa, husimama, hutafuna kwa muda mrefu, kisha hutema kando ya njia.

"Nyanya ziko salama," hutangaza, na wengine ndipo hunyoosha vikombe.